Mwenge Juu ya Jani la Maharage

Nimemwonea wivu mtu mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini, na chanzo chake ni jani la maharage.

Sijui yuko wapi sasa. Mimi mwenyewe nikiulizwa niko wapi hujibu kwa kusita, kwani tangu niondoke Ufipa sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu mitatu. Nimepima dagaa Kirando, nimekuwa karani wa ghala la tumbaku Tabora, nimeendesha mashine ya kusaga Mpanda. Sasa naandika haya katika chumba cha kupanga Tunduma, ambako dirisha langu linatazama ukuta. Kwenye dirisha hilo nimeotesha maharage katika kopo la maziwa ya unga. Mwenye nyumba hucheka. Anadhani nataka mboga.

Tulikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mkoa wetu ukiwa bado mpya, na ofisi za mji zilijaa watumishi waliohamishwa kutoka Mbeya. Baba wa huyo ninayemwonea wivu alikuwa mmoja wao, karani katika ofisi ya serikali. Mtoto aliletwa darasani kwetu katikati ya muhula, akapewa nafasi kwenye dawati langu kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa peke yangu. Alikuwa na jozi mbili za viatu, moja ya darasani na nyingine ya shambani. Kiswahili chake kilinyooka. Changu kilikuwa na Kifipa ndani yake kama changarawe kwenye mchele, na darasa zima lilizijua changarawe zangu moja moja.

Lakini kabla hajafika, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika baiolojia.

Kila mwaka, Siku ya Wazazi, mwanafunzi mmoja alisimama mezani mbele ya wageni kuonyesha kazi ya sayansi. Muhula ulipoanza nilimwandikia baba barua kwamba mwaka huu atakayesimama ni mimi. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi upande wa Chala, na hakujua kusoma. Barua alisomewa na katekista, nje ya kanisa baada ya misa, kwa sauti ileile ya kusomea matangazo ya ndoa. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua. Jibu lililokuja, kwa mwandiko wa katekista, lilikuwa la mstari mmoja: nitakuja nikuone.

Wiki mbili baadaye Mwalimu wetu wa baiolojia akaitoa hadubini kabatini. Ilikuwa moja kwa shule nzima. Haikuwa na taa, bali kioo kidogo kwa chini, ambacho uligeuza kuelekea dirishani mpaka mwanga wa jua upande ndani. Mwalimu alikuwa amechuma majani membamba ya mimea ya majini kutoka mto Lwiche. Akaweka jani moja juu ya kipande cha kioo, akadondosha tone la maji, akalifunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu.

"Kila mmoja atatazama, kisha atachora anachokiona," alisema. "Atakayechora vizuri ndiye atakayesimama mezani Siku ya Wazazi."

Mwenzangu wa dawati alitangulia. Aliinama, halafu akapiga kelele bila kuinua kichwa.

"Zinatembea, Mwalimu!"

"Nini zinatembea?"

"Hizi za kijani. Zinapita pembeni mwa chumba, zinafuatana, kama watu kwenye foleni ya sukari."

"Foleni ya sukari haitembei, bwana," mmoja akasema kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko, hata Mwalimu.

Zamu yangu ikafika. Nilifumba jicho moja kama nilivyowaona wengine, nikainama. Kwanza niliona kope zangu. Kisha nikaona duara moja kubwa, kamili, lenye ukingo mweusi mnene. Halikutikisika. Nilifurahi kulipata. Nilirudi kwenye dawati nikalichora kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikatia kivuli upande mmoja, nikaandika chini yake: kloroplasti.

Mwalimu alishika daftari langu kwa muda mrefu.

"Hili ni povu la hewa," akasema. "Limeingia chini ya kioo ulipokisogeza. Umelichora vizuri sana."

Tangu siku hiyo jina langu bwenini likawa Bwana Povu. "Bwana Povu, ndoo imejaa!" "Bwana Povu, sabuni imekuita!" Nilitaka kutazama tena, lakini wingu liliziba jua, kengele ikalia, na hadubini ikarudi kabatini. Ninaandika haya nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei na mpaka leo sijaziona zile za kijani kwa macho yangu.

Nilizijua kwa kusikia tu. Mwalimu alituchorea ubaoni. Jani limejengwa kwa vyumba vidogo visivyohesabika, viitwavyo seli, na ndani ya kila chumba mmejaa vijidonge vya kijani, ndizo kloroplasti. Jani lote ni kijani kwa sababu yake. Hizo ndizo zinazonasa mwanga wa jua. Maji yanapanda kutoka mizizini, hewa inaingia kwa vitundu vilivyo chini ya jani, na kwa nguvu ya ule mwanga vitu hivyo viwili vinageuzwa kuwa sukari. Sukari inayozidi hubaki humo humo kama wanga, mpaka mmea uihitaji.

"Jani halingoji kupelekewa chakula," Mwalimu alisema. "Linajipikia palepale lilipo." Halafu akakumbuka miaka tuliyokuwamo, akaongeza, "Huko ndiko kujitegemea." Tukaandika na hilo.

Mwenzangu hakuridhika na kuchora. Alimwendea Mwalimu na wazo, na Mwalimu alipolikubali, akaja kunieleza mimi kana kwamba tulilipanga pamoja. Alitaka kuufanya mwenge wa Uhuru utokee kwenye jani.

Mmea wa maharage uliooteshwa kwenye kopo ungefungiwa kabatini siku mbili, gizani, mpaka majani yamalize wanga wote uliomo. Kisha jani moja lingefunikwa kwa karatasi nyeusi iliyotobolewa umbo la mwenge, na mmea ungetolewa juani.

"Hapa palipotobolewa jua litapita," alinieleza, akichora kwa kidole juu ya dawati. "Kloroplasti za hapo zitafanya kazi. Zilizofunikwa zitashinda njaa. Tukitoa ule ukijani wote na kutia iodini, penye wanga patageuka peusi. Mwenge utatokea wenyewe."

"Kwa nini mwenge? Si ungetoboa hata duara?"

"Duara ni lako, bwana," akasema akicheka, nami sikucheka. Akaacha. "Wageni wa Chama watakuwepo. Wakiona jambo lenyewe kwa macho huenda wakatupatia hadubini ya pili. Na hii haitaki kufumba jicho. Kila mtu ataona. Hata wewe utaona."

Alisema kwa wema. Ndiyo maana iliniuma. Alijua kwamba sikuona kitu siku ile, na alikuwa amenitafutia njia ya kuona. Usiku sikulaani akili yake, nililaani ule wema. Mtu mwenye akili angeweza kuwa na roho mbaya kidogo, tukagawana. Yeye alichukua vyote.

Karatasi nyeusi ilitoka ofisini kwa baba yake. Ilikuwa kaboni, ile inayowekwa katikati ya karatasi mbili za taipu. Aliikunja mara tatu, akaikata kwa wembe. Mwenge ulikuwa mzuri, mpini umenyooka na ndimi tatu za moto juu.

Asubuhi ya Siku ya Wazazi Mwalimu na mwenzangu walilibana jani kwa vibanio vya karatasi, wakautoa mmea nyuma ya maabara, panapopata jua mapema, ukingoni mwa shamba la shule. Kule shambani kulikuwa na intumba zetu, yale matuta ya mviringo ya Kifipa ambayo hufukiwa majani mabichi ndani yake ili yaoze yawe mbolea. Mbuzi wa majirani walipenda kupita hapo.

"Wewe utalinda," Mwalimu akaniambia. "Mbuzi wakila hili tumekwisha."

Basi kijana aliyemwandikia baba yake kwamba atasimama mezani akawa mchunga kopo. Wengine walikwenda kunywa uji. Mwenzangu alikwenda kupiga pasi shati.

Upepo wa mwezi wa sita Ufipa hukata masikio hata jua likiwa kali. Niliketi juu ya jiwe, nikalitazama lile jani lililovikwa kaboni. Nilifikiria baba atakavyosimama katika umati akinitafuta mezani. Nilifikiria katekista na sauti yake. Halafu mikono yangu ikatoa vibanio, kimoja, kingine. Niliivua ile kaboni nikaiweka chini ya jiwe, na jani likabaki wazi, kijani kitupu, halina alama yoyote.

Nilijua ninachofanya. Nilijua kwamba humo ndani, mahali ambapo jicho langu lilishindwa kufika, kazi imeanza kila pembe. Nililiacha hivyo muda wa vipindi vinne. Niliposikia ngoma za kuwapokea wageni nikalivika kaboni yake, nikabana vibanio palepale vilipokuwa. Vidole vyangu vilikuwa vimegeuka rangi ya wino. Nilivifuta kwenye nyasi, havikufutika, nikaviweka mfukoni.

Meza iliwekwa uwanjani. Mwenyekiti wa Chama alikaa mbele, pembeni yake mapadri na wazee, nyuma wazazi. Baba nilimwona akiwa amevaa koti lake la misa. Alikuwa amedandia lori la mahindi siku iliyotangulia, akalala kwa shangazi yangu mjini. Macho yake yalikuwa mezani, yakitafuta.

Mwenzangu alisimama. Alieleza bila kukwama, kwa Kiswahili ambacho hata mama zetu walikielewa. Alilichuma jani, akalivua kaboni, akawaonyesha kwamba halina kitu. Akalichovya kwenye maji yanayochemka. Kisha akalitia kwenye chupa ndogo ya spiriti, chupa akaisimamisha ndani ya maji ya moto. Spiriti ikaanza kugeuka kijani na jani likaanza kupauka.

Harufu ikafika kwa wazee.

"Hiyo naijua!" mmoja akasema. "Kumbe na shuleni mnapika?"

"Mzee, usijitaje mbele yangu," Mwenyekiti akamjibu, na uwanja ukacheka.

Jani lilipotolewa lilikuwa jeupe, laini, kama karatasi iliyonyeshewa. Mwenzangu akalilaza kwenye sahani. "Ndugu Mwenyekiti, wazazi wetu," alisema, "sasa mtaona jua lilipofanya kazi." Akadondosha iodini.

Weusi ukaanza katikati. Ukatambaa kulia, ukatambaa kushoto, ukafika kwenye kingo, usibakize mahali. Jani lote likawa jeusi kama sufuria ya kambi.

"Mwenge uko wapi?" Mwenyekiti akauliza. Hakuuliza kwa ukali, lakini watu waliacha kucheka.

Mwenzangu alilitazama jani. Alimtazama Mwalimu. Akaigeuza sahani, kana kwamba mwenge ungekuwa upande wa pili. Nilifurahi. Sitaandika kwamba nilijuta hapo hapo, kwa sababu si kweli.

Ndipo baba aliponyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, Mzee."

Akaja mbele taratibu, kofia mkononi. Kiswahili chake kilikuwa na changarawe nyingi kuliko changu.

"Mimi nimefika asubuhi, kabla ya ngoma. Nimekaa kule ukingoni mwa shamba, nyuma ya tuta, napumzisha miguu. Nimemwona mwanangu. Hakuniona, na mimi sikumwita kwa sababu alikuwa kazini. Lile jani walikuwa wamelifunga gamba jeusi. Mwanangu akalifungua. Akalikalisha juani, akalikinga na mbuzi, uji hakwenda kunywa. Sisi kwetu tunajua, majani ukiyafukia kwenye intumba yanapoteza rangi, ukifukua unayakuta manjano. Jani linataka jua. Na huyu kijana ametueleza vizuri, jani likila jua linakuwa jeusi kwa hiyo dawa. Sasa mbona mnanyamaza? Hili ni jeusi lote. Limeshiba!"

Akanifikia nilipokuwa nimesimama na wenzangu, akanishika kiganja, akakitoa mfukoni, akakiinua juu mbele ya uwanja mzima.

"Na aliyelilisha ni huyu. Tazameni vidole. Kazi bado iko vidoleni."

Mwalimu aliviona vidole. Mwenzangu aliviona pia, naye alikulia kwenye nyumba yenye kaboni. Aliijua ile rangi kuliko mtu yeyote pale. Alinitazama usoni kwa muda ambao mpaka leo sijaweza kuupima. Neno moja tu lingetosha. Baba alikuwa bado ameushika mkono wangu juu, anatabasamu.

"Ni kweli, Mzee," mwenzangu akasema. "Yeye ndiye aliyelifunua. Hili jani ni kazi yake."

Mwenyekiti akainuka, akaja kulitazama lile jani kwa karibu. "Basi hili ndilo jani la Ujamaa," akatangaza. "Hakuna sehemu iliyoachwa na njaa!" Uwanja ukapiga makofi, ngoma zikadakia, mama mmoja akapiga vigelegele. Baba alimshika mwenzangu mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, kijana," akamwambia, "kwa kumsaidia mwanangu."

"Ahsante na wewe, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba."

Alasiri, wageni walipoondoka, tuliachiwa kuosha vyombo nyuma ya maabara. Nilisugua vidole kwenye ndoo. Yeye aliosha chupa ya spiriti, ambayo bado ilikuwa na ule ukijani ndani, mzuri, kama maji ya kito.

"Kaboni haitoki kwa maji matupu," akasema. "Tumia majivu."

Akaniletea majivu ya jikoni kwenye kifuniko cha kopo.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningemwambia nini baba yako?" Akaendelea kusugua chupa. Baadaye kidogo akasema, "Wa kwangu hakuja. Ofisi yake iko hapo tu, unaliona paa lake."

Hapo ningeweza kumwomba radhi. Badala yake nilimwonea wivu upya, wivu mpana zaidi kuliko ule wa asubuhi. Asubuhi nilitaka nafasi yake mezani. Sasa nilitaka kuwa mtu ambaye angeweza kusema maneno yale uwanjani akiwa ameshika kisu na mimi nimeinua shingo. Nafasi mezani mtu anaweza kuiba. Hii nyingine sikujua inaibwaje.

Mwalimu aliniita kesho yake. Hakunichapa. "Povu ulilichora kwa sababu hukuona," alisema. "Hili la jana umelifanya kwa sababu umeelewa somo kuliko wote. Hilo ndilo linalonisikitisha." Hadubini sikuruhusiwa kuigusa tena.

Mwenzangu alihama na baba yake mwisho wa mwaka. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, nikakuta kijiji kizima kinanijua. Baba alikuwa ameisimulia habari ile kwenye pombe ya ulezi, kanisani, kwenye zamu za shamba la ujamaa. Kila mgeni alipofika niliitwa. "Njoo uwaeleze ulivyolilisha jani." Nikaeleza mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu nilisema nakwenda Kirando kununua dagaa, nikakaa huko miezi minane. Watu huniuliza ni nini kilichonifanya nitangetange hivi. Huwaambia natafuta maisha.

Mara ya mwisho nilipomwona baba alikuwa kwenye tuta, jembe mkononi, akipindua nyasi mbichi ndani ya udongo.

"Yule msaidizi wako wa shule yuko wapi siku hizi?" akaniuliza.

"Sijui, baba."

"Alikuwa kijana mzuri. Mtafute. Usimwache nyuma."

Nikamwambia nitamtafuta. Alizikwa msimu uliofuata, nami nilifika siku mbili nimechelewa. Ukweli sikumwambia kamwe.

Juzi nilinunua kaboni dukani, na iodini na spiriti kwenye duka la dawa. Nililifungia kopo langu sandukuni siku mbili, nikalibana jani, nikaliweka dirishani nikakaa kando yake siku nzima mikono mapajani. Mwenye nyumba aligonga kuuliza harufu ya nini. Nikamwambia ni dawa.

Mwenge ulitokea. Polepole, mweusi, juu ya jani lililopauka, ndimi tatu na mpini. Niliutazama mpaka chai ikapoa. Mpini umepinda kidogo upande wa kushoto, mkono wangu si kama zamani, na wazo la kwanza lililonijia, kabla ya baba, kabla ya kitu kingine chochote, ni kwamba wa mwenzangu ungekuwa umenyooka.